Kopo liko mbele yako, macho hayalioni: uzee wa macho katika mchezo wa kusaka hazina

Simu inasema umefika. Zimebaki mita mbili. Mbele yako kuna mti mmoja, jiwe moja na reli ya chuma, na vyote vitatu umevizunguka kwa nusu saa. Anapita mtoto wa miaka tisa, hajui hata unatafuta nini, anasimama na kuuliza: "Babu, kile kidude cheusi chini ya chuma ni cha nini?"

Aibu hiyo naijua. Imenipata mara nyingi hadi nikaacha kuihesabu, na kila ninapoisimulia mbele ya watu wa rika langu napewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: macho yameisha, waachie vijana. Wa pili: nunua miwani yoyote ya kusomea, tatizo kwisha. Wa tatu husemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri ya ukoo: usivae miwani kabisa, macho yakishaizoea yatalegea zaidi.

Ushauri wote huo unatoka kwenye kosa moja. Tunafikiri kuona ni kama maji mtungini: ujanani mtungi umejaa, miaka inakunywa, mwishowe linabaki tone. Jicho halizeeki hivyo. Na kusaka hazina nako hakuhitaji kuona kwa namna moja. Mambo haya mawili ukiyaweka pamoja, mengi yaliyokuwa fumbo yanafumbuka: kwa nini unasoma simu vizuri juani lakini kivulini unashindwa, kwa nini mpima macho anakuambia uko sawa na bado kopo hulioni, na kwa nini miwani inayokusaidia kusoma inaweza kukuangusha kwenye ngazi.

Mchezo wenyewe

Kwa asiyeujua, mchezo ninaouzungumzia hapa unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kopo au kichupa mahali fulani nje, anachukua namba za mahali hapo, yaani latitudo na longitudo, na kuziweka kwenye intaneti. Wengine wanazifuata kwa simu au kifaa cha GPS, kinachotumia setilaiti kujua mahali ulipo, hadi walipate kopo. Ndani mna daftari au kikaratasi. Unaandika jina na tarehe, unalirudisha kopo palepale ulipolikuta, unaondoka. Kama kuna vitu vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Ulianza Mei 2000. Hadi mwanzoni mwa mwezi huo, serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kawaida, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea kwa mita mia moja hivi. Rais Bill Clinton akaamuru uharibifu huo ukomeshwe. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo kwenye msitu karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti, na siku chache baadaye ndoo ikapatikana. Leo kuna makopo zaidi ya milioni tatu duniani. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, maana tangu 1854 watembeaji wa nyika ya Dartmoor, Uingereza, wamekuwa wakiacha alama za kufika kwao kwenye chombo kilichofichwa. Walichoongeza watu wa mwaka 2000 ni setilaiti.

Mambo mawili kuhusu mchezo huu yanagusa macho moja kwa moja. La kwanza ni ukubwa. Hazina inaweza kuwa ndoo, inaweza kuwa kikopo cha filamu ya kamera, inaweza kuwa kidude chenye sumaku kisichozidi ncha ya kidole. La pili ni vipimo viwili ambavyo kila hazina hupewa, vyote kutoka 1 hadi 5: ugumu wa kuitafuta na ugumu wa njia ya kuifikia. Njia ya daraja la 1 inapaswa kupitika hata kwa kiti cha magurudumu. Watu wengi wa rika langu huangalia vipimo hivyo viwili na kusahau ukubwa, kisha wanashangaa hazina ya "rahisi" imewashinda. Kwa jicho la miaka sitini, ukubwa ndio wa kusomwa kwanza.

Nyumba kuukuu

Badala ya mtungi wa maji, fikiria nyumba ya zamani. Haiharibiki yote siku moja. Bawaba ya mlango inakaza. Kioo cha dirisha kinaingia ukungu. Pazia halifunguki tena hadi mwisho. Ukutani panatokea doa. Kila kimoja kina fundi wake na dawa yake, na hakuna mwenye akili anayepaka grisi kwenye kioo cha dirisha kwa sababu mlango unakwama.

Bawaba ya jicho ni lenzi. Nyuma ya mboni kuna lenzi hai, inayobadilika umbo: ukitazama mbali inakuwa bapa, ukitazama karibu msuli unaoizunguka unairuhusu ivimbe. Ujanani ni laini. Miaka inaikausha kama mpira uliosahaulika juani. Mtoto wa miaka 10 anaona wazi kitu kilicho chini ya sentimita 10 kutoka jichoni. Kwenye miaka arobaini na kitu, maandishi madogo yanaanza kuhitaji kunyoosha mkono. Kufikia sitini, mtu ambaye hakuwahi kuhitaji miwani anaona wazi kuanzia takriban mita moja kwenda mbele. Hali hii huitwa presibayopia. Si ugonjwa na humpata kila mtu anayeishi vya kutosha. Mwenye macho ya karibu, yaani asiyeona mbali bila miwani, naye humpata, ila yeye huificha kwa kuvua miwani yake anaposoma.

Pazia ni mboni. Mboni ya mzee ni ndogo zaidi na haifunguki sana gizani. Ongeza lenzi iliyoingia rangi ya manjano, na hesabu inakuwa kali: mwanga unaofika kwenye retina ya mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja ya unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ni kama mmeingia chumba kimoja wewe na mwanao, kwake kuna taa tatu na kwako moja.

Kioo chenye ukungu ni mtoto wa jicho: lenzi ileile inapopoteza uwazi. Hautokei juu ya jicho kama utando wa kukwangua, ingawa wengi wanauwazia hivyo. Dalili yake ya mapema kwa watu wa nje mara nyingi ni mng'ao, pale jua la jioni linapotawanyika machoni na kufunika kila kitu kama vumbi kwenye kioo cha gari.

Doa la ukutani ni magonjwa ya retina na ya mshipa wa fahamu wa jicho. Hayo nitayarudia mwishoni, kwa sababu hayatatuliwi kwa ujanja wa mchezo.

Kusoma namba

Hatua ya kwanza ya kusaka ni kusoma. Siku hizi programu ya simu hukuongoza yenyewe, lakini hazina nyingi za kuvutia zina mafumbo: unafika kwenye kibao, unasoma mwaka uliochongwa, unafanya hesabu, unapata namba za kituo kinachofuata na kuziandika mwenyewe. Hapo ndipo bawaba iliyokaza inapokudai.

Namba za mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii, si ya saa), na dakika zina tarakimu tatu baada ya nukta. Dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,850. Sasa chukua kosa la kawaida kabisa la jicho la makamo: kusoma 3 kuwa 8. Kosa hilo likiangukia tarakimu ya mwisho, umekwenda mita tisa pembeni, na utasumbuka kidogo. Likiangukia ya katikati, ni mita tisini na kitu. Likiangukia ya kwanza baada ya nukta, uko karibu kilomita nzima kutoka hazina, unazunguka mti usio na hatia. Nimewahi kumlaumu mfichaji kwa moyo wote, nikarudi nyumbani, nikavaa miwani, nikaona ile 8.

Dawa yake ni rahisi na haina ushujaa: piga picha kibao, kisha ikuze kwenye simu. Kamera haina presibayopia. Ongeza ukubwa wa maandishi ya simu na ukolezo wake kwenye mipangilio. Hilo watu hulikataa kwa sababu ya aibu tu, kana kwamba herufi kubwa ni cheti cha uzee.

Halafu kuna fumbo la juani na kivulini. "Nje nasoma bila miwani, ndani sisomi," watu husema, na wengine wanahitimisha kwamba macho yao yanapona yakipigwa jua. Kinachotokea ni kwamba jua kali linaifinya mboni hadi inakuwa kitundu, na kitundu kidogo kinanoa picha hata kama lenzi imeshindwa kujirekebisha. Toboa karatasi kwa sindano, chungulia maandishi madogo kupitia tundu hilo, utaona. Ukiingia chini ya miti mboni inapanuka, na ukungu unarudi. Miwani ya jua nayo hufanya hivyohivyo, inaipa mboni ruhusa ya kupanuka. Ndiyo maana mtu anavaa miwani ya giza na ghafla simu haisomeki. Kuna na sababu nyingine: miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, ile iitwayo polaraizi, ikikutana na kioo cha simu kwa pembe fulani hukifanya kiwe cheusi kabisa. Simu haijafa. Igeuze upande.

Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha matone ya pilokapini kwa ajili ya presibayopia, na yanafanya kazi kwa kanuni ya kitundu hichohicho: yanafinya mboni kwa saa chache. Ukiisha kuelewa hivyo unaelewa na bei yake. Mboni iliyofinywa inapokea mwanga mdogo, na msaka hazina chini ya miti mwanga ndio anaoulilia. Ni jambo la kuzungumza na daktari wa macho, si la kuazima kwa jirani.

Kutembea

Hatua hii hatuifikirii kabisa kuwa ni ya macho. Tunafikiri kuanguka ni suala la magoti.

Miwani yenye sehemu mbili, na ile inayobadilika taratibu kutoka juu hadi chini, imepangwa hivi: juu unaonea mbali, chini unasomea. Sehemu ya chini imepimwa kwa kitu kilicho kama sentimita 40 kutoka jichoni. Miguu yako iko mbali zaidi ya mita moja na nusu. Ukitazama chini bila kuinamisha kichwa, unatazama mzizi, ukingo wa ngazi au jiwe linaloteleza kupitia lenzi ya kusomea gazeti. Kila kitu kimekuzwa na kimefifia, na kingo, ambazo ndizo zinazokwambia hatua inaishia wapi, zimeyeyuka.

Uchunguzi mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wazee wanaotumia miwani ya aina hiyo miwani nyingine ya kuonea mbali tu, kwa ajili ya kutembelea nje. Waliozoea kutoka mara kwa mara walianguka mara chache zaidi. Ila wale ambao hawakuwa watu wa kutoka sana hawakunufaika, na nje walianguka zaidi. Kwa hiyo si dawa ya kila mtu. Lakini anayepanda vilima kutafuta makopo yuko kundi la kwanza, na kwake miwani ya pili ya mbali tu, au mazoea ya kuinamisha kidevu kabisa anapotazama chini, ni jambo la kuulizia.

Lingine ni muda wa kuzoea giza. Ukitoka juani kuingia msituni, jicho la zamani linachukua muda mrefu zaidi kuliko la kijana kurudisha picha. Vijana wako mbele wanakuita. Usiwafuate. Simama mwanzoni mwa kivuli, vua miwani ya jua, kunywa maji, ngoja dakika mbili. Fimbo ya kutembelea inasaidia hapa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inakueleza kina cha shimo ambacho jicho halijakipima bado, hasa kama jicho moja ni zuri kuliko jingine na kipimo cha kina kimeyumba.

Kutafuta

Sasa tumefika penyewe. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo pana mengi ya kufanya.

Kwanza fahamu kwamba simu nayo haioni vizuri. Chini ya anga wazi, GPS ya simu hukosea kwa mita kama tano, na chini ya miti minene au kati ya majengo marefu zaidi ya hapo. Na mfichaji naye alikuwa na kosa lake siku alipochukua namba. Ukisimama kwenye "sifuri", pale simu inaposema hakuna mita iliyobaki, na kukodolea macho ardhi iliyo miguuni, huenda unatazama mahali ambapo hazina haikuwahi kuwapo. Weka simu mfukoni. Rudi nyuma hatua kadhaa, uliza: kama ningekuwa mimi ningeificha wapi? Mawe yaliyopangwa vizuri mno. Vijiti vinne vilivyolala sambamba, maana miti haidondoshi vijiti kwa rula. Gome lisilofanana na gome. Kazi hii ni ya akili, na akili ya miaka sitini imeona mengi. Katika hili nawashinda vijana, tena bila huruma.

Pili ni suala la mpima macho aliyesema uko sawa. Hakudanganya. Ubao wake una herufi nyeusi juu ya weupe, tofauti kubwa kuliko zote. Hazina imepakwa kahawia na kuwekwa juu ya kahawia. Uwezo wa kutofautisha kitu na mandhari yake, rangi moja na nyingine inayokaribiana nayo, ni uwezo mwingine kabisa, na unashuka na umri hata kwa mtu anayesoma ubao hadi mstari wa mwisho. Rangi nazo hudanganya: lenzi iliyogeuka manjano inameza samawati, na bluu iliyokolea inafanana na nyeusi. Dokezo likisema "tafuta kifuniko cha bluu", usiamini kwamba utakiona kikiwa bluu.

Dawa ni tochi, na namaanisha tochi mchana kweupe. Watu hunicheka. Lakini usiielekeze mbele kama polisi. Ilaze pembeni, mwanga upite juu ya uso wa kitu. Umewahi kuona ukuta uliopigwa lipu vibaya? Mchana unaonekana laini, usiku taa ikiupiga kwa ubavu, kila kinundu kinatoa kivuli. Vivyo hivyo kikopo kilichobandikwa chini ya benchi: rangi yake imejificha, kivuli chake hakijui kujificha. Tochi ya kichwani ni bora zaidi kwa sababu inaacha mikono yote miwili huru.

Tatu ni namba ya miwani, na hapa ushauri wa "yoyote ya kusomea" unaangukia pua. Gawa mita moja kwa namba ya miwani, utapata umbali inaoonesha vizuri zaidi kwa mtu anayeona mbali bila shida na ambaye lenzi yake haijirekebishi tena. Miwani ya +2.50 inatoa sentimita 40, yaani kitabu mkononi. Lakini ukiingiza mkono chini ya reli au kwenye pango la mizizi, unachokitazama kiko urefu wa mkono, sentimita 65 hivi. Hapo +2.50 inafifisha, na +1.50 ndiyo inayoona. Ndiyo maana mtu anavaa miwani yake nzuri ya kusomea na bado hazina inamponyoka: anatazama mbali mno kwa miwani hiyo. Mimi hubeba mbili, zote zimefungwa uzi shingoni, naonekana kama mtu aliyepotelewa na duka. Za bei nafuu zilizo tayari zinafaa kwa kazi hii, mradi zisichukue nafasi ya kupimwa: zina namba sawa kwa macho yote mawili, na hakuna anayekwambia kama nyuma ya jicho kuna shida.

Nne, mkono. Vidole havijui mtoto wa jicho. Kipapase chuma chote kwa chini, tafuta sehemu yenye sumaku inayoteleza. Vaa glavu, na kabla ya mkono peleka fimbo, kwa sababu nyoka, nyigu na vipande vya chupa navyo hupenda mashimo yaleyale wanayoyapenda wafichaji. Mahali usipopaona, piga picha kwa simu kwa kuinyoosha ndani, kisha ikuze.

Na soma dokezo. Madokezo ya mchezo huu huandikwa kwa kuruka herufi kumi na tatu, A inakuwa N, B inakuwa O, ili mtu asilisome kwa bahati mbaya. Programu hulifungua kwa mguso mmoja. Kuna wanaoona kulisoma ni kushindwa. Hao nadhani bado wana miaka thelathini.

Kusaini

Kikaratasi cha kidude kidogo kimeviringishwa kama uzi. Beba kibano na kalamu nyembamba. Ukifika hapo umekwisha kushinda.

Yanayosemwa barazani

Miwani hailegezi jicho. Lenzi inaendelea kukauka ukivaa usipovaa, hadi katikati ya miaka ya sitini hivi. Anayeanza kuvaa huona tofauti kwa sababu sasa amekumbuka uwazi ulivyo, na ukungu wa zamani haumridhishi tena.

Mazoezi ya kuzungusha macho hayalainishi lenzi iliyokaza. Karoti zina vitamini A, na upungufu wa vitamini hiyo kweli unapofusha, lakini kwa anayekula vizuri karoti ya ziada haimrudishi ujanani. Kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha, hakuharibu. Na miwani ya manjano inayouzwa kwa ajili ya usiku hupunguza mwanga, kwa jicho ambalo tayari linapata theluthi moja. Ihifadhi kwa mchana.

Kuhusu mtoto wa jicho, bado wapo wanaoambiwa wasubiri "ukomae". Hayo ni ya enzi za upasuaji wa zamani. Siku hizi swali ni kama unakuzuia kufanya unayoyapenda. Daktari anaondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya plastiki. Harold Ridley, daktari wa London aliyeweka ya kwanza mwaka 1949, alipata wazo kwa kuona kwamba vipande vya kioo cha plastiki cha ndege za kivita vilivyobaki machoni mwa marubani havikuliwasha jicho wala kukataliwa nalo. Lenzi hiyo haizeeki tena, ila ya kawaida hupangwa kwa umbali mmoja, kwa hiyo wengi waliofanyiwa bado wanahitaji miwani ya kusomea. Wakijua mapema hawalalamiki.

Mahali ambapo tochi haitoshi

Vijidoa na nyuzi zinazoelea machoni ni za kawaida, na zimewahi kunifanya nimpige mdudu ambaye hakuwapo. Lakini vikija ghafla kwa wingi, pamoja na mimweko ya mwanga, au pazia jeusi likianza kushuka kutoka upande mmoja, retina inaweza kuwa inabanduka. Acha kopo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa, vilevile. Kupoteza kuona ghafla hata kwa dakika chache, vilevile.

Mengine yanakuja kimyakimya. Funika jicho moja, tazama reli iliyonyooka, kisha badilisha. Kama kwa jicho moja reli inapinda au katikati pana doa, huenda ni makula, kitovu cha retina, na kuwahi kunaleta tofauti. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula pembeni kwanza, bila maumivu, na ubongo hujaza pengo kwa kubuni ili usigundue. Mtu anajikwaa upande uleule kila mara na kulaumu viatu. Hii haijionyeshi kwa kusoma ubao. Lazima mtaalamu achunguze nyuma ya jicho na kupima uwanja wa kuona. Baada ya miaka 40 ni vizuri kuchunguzwa hivyo kila baada ya muda atakaoushauri, na mapema zaidi kama una kisukari au kuna glakoma katika ukoo.

Nikiwa mfichaji mimi mwenyewe, nimebadilika. Zamani nilijivunia vidude vya ncha ya kidole. Sasa naficha makopo yanayoingia ngumi, naandika ukubwa wake kwa uaminifu, na kwenye kifuniko nabandika utepe wa rangi nyepesi upande usioonekana na wapita njia. Ndani naweka daftari lenye mistari mipana. Majina yanayoandikwa humo kwa herufi kubwa zinazovuka mistari miwili yameanza kuwa mengi.